Beleshi la Useni

Kila Jumapili asubuhi, kabla kengele ya misa ya kwanza haijalia, vikundi vya sport vya Goma humwagika barabarani. Hukimbia wakiimba na kupiga makofi, hutelemka hadi Keshero karibu na ziwa, hugeuka na kurudi. Wengi ni vijana. Wamo mapapa wachache wenye matumbo yaliyotumwa huko na daktari. Na kati yao, miaka sasa, yumo mama mmoja wa mtaa wa Mabanga, kilemba kimemkaa barabara, treningi chini ya kitenge, miguuni raba kuukuu za mkwewe. Jina lake Mwasiti. Zamani, wenzake wakiimba, yeye hakuimba. Alikuwa anakimbia amefunga mdomo, na hata baridi ya asubuhi iume namna gani, hakukosa.

Mabanga walisema yao. Wengine walisema anatafuta bwana. Wengine, sukari imempanda na daktari amemtisha. Aliwaacha waseme mpaka wachoke. Ukweli ni kwamba Mwasiti alikuwa anakimbia ili aishi muda mrefu kuliko Ruffin. Basi, si zaidi. Alitaka siku ile Ruffin atakapoanguka kwenye kokoto, yeye awe amesimama kando, mgongo mzima, pumzi nzima, amtazame vizuri.

Na usimhukumu kabla hujasikia. Roho ya namna hiyo mtu haendi kuinunua sokoni.

Ruffin alikuwa kapita, yaani mkubwa wa wapakiaji, katika karieri moja ya kokoto kwenye njia ya Rutshuru, ng'ambo ya uwanja wa ndege, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mlima na baridi inapoanza kukutafuta shingoni. Huko wanachimba kokoto nyeusi za volkano. Goma nzima inajengwa nazo: lava ikifunika nyumba, watu wanangoja ipoe, wanamwaga kokoto juu yake, wanajenga tena. Kazi ya wapakiaji ni kujaza kamio, lori la kokoto, kwa beleshi, tangu asubuhi mpaka jua lizame, mvua inyeshe isinyeshe.

Wapakiaji wale wana sheria yao, na hakuna anayeichezea. Mtu akichoka, anachomeka beleshi lake wima ndani ya kokoto na kukaa kando. Beleshi likiwa limesimama, mwenyewe anapumua. Hakuna wa kuligusa, hakuna wa kumsemesha, hata dereva apige honi mpaka betri ife. Lakini akililaza chini kabla kamio haijajaa, amejitoa mwenyewe. Nafasi yake imekwisha. Na mtu akifa akiwa bado na nafasi yake, kapita hubeba beleshi la marehemu begani, kwa miguu, mpaka nyumbani kwake, na kulisimamisha mlangoni. Hapo litabaki mpaka wenye msiba waone wenyewe ni wakati wa kulilaza. Anayepita njiani akiliona anajua kwamba humo alikaa mwanaume aliyekufa na kazi yake mkononi.

Useni, mume wa Mwasiti, alikuwa mpakiaji katika ekipe ile tangu Ruffin mwenyewe hajawa kapita. Baba yake alitoka Kasongo, Maniema, na yeye alizaliwa Mabanga. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye mabega mapana, ambaye hakujua kununa. Asubuhi moja ya msimu wa mvua, ukungu umeshuka mpaka mtu haoni mwenzake, alisikia kifua kinambana. Akachomeka beleshi lake, akakaa kwenye jiwe. Ruffin alikuwa na haraka. Kamio ya pili ilikuwa inangoja nyuma na dereva wake anafoka. Ruffin akaja, akaling'oa beleshi la Useni, akalilaza chini mbele ya miguu yake. Akasema: "Kama uko unataka nafasi yako, okota."

Useni akaokota. Alijaza kamio ile mpaka mwisho, akateremka mjini nyuma ya pikipiki, akafika nyumbani ameshika kifua, akalala mkekani. Maneno aliyomwambia mkewe hayakuwa mengi. "Mimi sikuilaza, Mwasiti. Ruffin ndiye aliilaza. Umwambie mtoto wetu Farida asije kusikia kwingine." Magharibi haikumkuta.

Mwasiti akakaa eda kama dini inavyotaka, ndani ya nyumba, nguo nyeupe mwilini, haendi sokoni wala kwa jirani. Na huko nje, wakati yeye amefungwa na msiba, Ruffin akapika hadithi. Eti Useni alililaza beleshi mwenyewe katikati ya kamio, akaenda zake, akarudi analia, naye kwa huruma yake akamwachia amalizie. Lakini sheria ni sheria, nafasi ilikuwa imekwisha. Hivyo hakuna beleshi lililoletwa mlangoni. Farida, binti yao, alikuwa anarudi kutoka shule macho mekundu, maana watoto walikuwa wamempa jina: mutoto wa aliyelaza. Hadithi ile ilipata muda wa kukauka kama saruji. Mwasiti alipotoka eda, aliikuta ngumu.

Siku aliyotoka, alioga, akavaa vizuri, akapanda karieri. Beleshi la Useni alilikuta nyuma ya choo cha wafanyakazi, limelala kifudifudi kwenye matope. Alilijua kwa kipande cha mpira wa baiskeli ambacho Useni alikifunga kwenye mpini ili mikono isitoke malengelenge. Akaliokota, akalifuta kwa kitenge chake, akaenda nalo mpaka kwa Ruffin.

"Papa Ruffin, nimekuya kukuomba ulete beleshi ya bwana yangu nyumbani."

"Mama Mwasiti, pole sana ya msiba." Ruffin alisema kwa sauti kubwa, ya upole ule wa kumwambia mtoto kwamba pipi zimekwisha. "Lakini bwana yako aliilaza. Mimi nilimuhurumia tu. Ningefanya nini?"

Wapakiaji wote walikuwa wanasikia. Kasereka, mzee wao baada ya kapita, aligeuza uso akaanza kuutazama mlima, na siku ile mlima ulikuwa ndani ya mawingu, hauonekani hata kidogo. Mwasiti akaliona hilo akaliweka moyoni. Hakupiga kelele. Aliomba kazi.

Ruffin akacheka. Lakini kumkatalia mjane mbele ya watu ni aibu, basi akamweka pamoja na wamama wanaofagia kokoto zinazoanguka nyuma ya kamio. Alijiona amefanya wema. Mjinga yule, alikuwa amemfungulia mlango mwenyewe.

Alifagia. Alifagia mpaka wanaume wengi wa ekipe walipokimbilia machimbo ya huko Masisi na kokoto zikakosa watu. Hapo akashika beleshi la Useni, na wanaume wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Wiki za kwanza zilimvunja kabisa. Alikuwa anaamka asubuhi hawezi kufunga kilemba, mgongo umekuwa ubao. Akaenda kituo cha afya, akampata mama mmoja wa Butembo, Victoire, ambaye kazi yake ni kunyoosha watu walioharibika mifupa na misuli. Victoire akampa fimbo ya ufagio, akamwambia amwonyeshe anavyopakia. Akamtazama kidogo tu, akamsimamisha.

"Mama, uko unabeba na mugongo. Mugongo si mukono. Piga magoti kidogo, kama uko unataka kukaa kwenye kibanco cha jikoni. Beleshi ikae karibu na tumbo. Na usijikunje kiuno ukitupa. Geuza miguu, mwili mzima uende pale kokoto inaenda."

Akamfundisha mengi. Asijaze beleshi mpaka linamwagika, nusu inatosha, na kamio itajaa tu. Abadilishe mkono wa mbele kila mara, ili upande mmoja usilipe deni la upande mwingine. Kabla ya kugusa kokoto atembee kwanza, azungushe mabega, damu iamke, hasa asubuhi za baridi. Asivae koti moja zito na kuloana humo ndani, avae nguo nyepesi tatu na kuzivua moja moja jasho likianza, kisha azirudishe akikaa. Anywe chai ya moto hata kama hana kiu. Na kifua kikibana, au mkono wa kushoto ukiuma bila sababu, asimame pale pale, kazi iende ahera. Aliposikia hilo la kifua, Mwasiti aliegemeza fimbo ya ufagio ukutani. Kisha akauliza kama mtu wa namna ile angeweza kupona, iwapo wangemwacha akae kwenye jiwe lake. Victoire akajibu kwamba mara nyingi wanapona.

Toka siku ile kisasi chake kikapata mwili. Akaanza kukimbia Jumapili. Akajifunza beleshi mpaka likawa kama mwiko mkononi mwake. Na wale waliomcheka wakaanza kumtazama, kwa sababu saa ya alasiri, wakati wao wameshika viuno, yeye alikuwa bado anapakia, taratibu, nusu beleshi, nusu beleshi, hana habari. Wakamuuliza. Akawafundisha. Alimrekebisha kila mmoja kama mama anayemkosoa binti jikoni, akiwagonga magoti kwa mpini wale wabishi. Ekipe nzima ikaanza kutembea asubuhi kabla ya kazi, ikaanza kuja na chai ya tangawizi. Aliwafundisha wote, isipokuwa mmoja.

Ruffin alikuwa anapakia kama alivyopakia ujanani. Beleshi limejaa kilima, magoti yamenyooka, anajipinda kiuno na kutupa juu ya bega, ahaa, ili waone kapita bado ni kapita. Asubuhi sigara badala ya uji. Koti lake la kijeshi halivui, jasho linamkaukia mwilini na upepo wa mlima unampiga humo. Miaka ikawa inapita juu yake. Mwasiti akaanza kumwona anajipapasa mkono wa kushoto. Akamwona anasimama katikati ya mteremko akijifanya anatafuta simu. Maneno yote ya kumwokoa yalikuwa mdomoni mwa mama huyu, tayari, yamejaa kwenye ulimi. Akayameza. Hakumroga, hakumtukana, hakumtilia kitu kwenye chai. Alimnyima maneno tu, na kila alipomnyima alisikia utamu.

Victoire alimuuliza siku moja, "Na kapita wenu, yeye anapakia namna gani?"

"Yule anajua yote," Mwasiti akajibu, akabadili mazungumzo.

Ndipo ikaja asubuhi ya mvua ya mawe.

Walikuwa wameshafika kazini. Mbingu ilifunga, ikatulia kidogo kama inayofikiri, kisha ikamwaga. Wakakimbilia chini ya kamio ya Julien, dereva aliyekuja kuchukua kokoto za kumwaga dalle, sakafu ya zege, ya nyumba moja kubwa mjini. Bati za kibanda zilipiga kelele mpaka mtu hasikii la mwenzake. Mvua ya mawe si kitu kigeni huko juu, huja, hurukaruka, huyeyuka. Lakini ile haikutaka kuyeyuka. Ilipokwisha, karieri yote ilikuwa nyeupe. Barafu ilifika katikati ya miguu, imefunika kokoto, imefunika njia, magurudumu ya Julien yamezama humo, na baridi ilikuwa ya kuuma meno.

"Kamio itoke," Ruffin akasema. "Tuondoe hii barafu, halafu tupakie. Dalle inangojea."

Mwasiti akawageukia vijana. Akawaambia wamwage kokoto kwanza mahali pa kukanyaga, wasije wakateleza na kuvunjika. Akawaambia barafu iliyoloa ni nzito kuliko kokoto ingawa macho yanadanganya, kwa hiyo waisukume pembeni kama wanaofagia, na pale lazima kuinua, wainue kidogo. Wakaanza, wakicheka, wengine wanarushiana. Walipopata joto wakavua nguo za juu wakazitundika kwenye kamio.

Ruffin alikuwa peke yake upande wa pili, na koti lake, anainua milima. Mwasiti alimtazama kwa pembe ya jicho. Beleshi zima. Beleshi zima tena. Alimwona anasimama, anapumulia mdomo. Moyo wa Mwasiti ulianza kwenda mbio, na hakuwa amekimbia.

Ruffin akachomeka beleshi lake wima kwenye barafu, akakaa juu ya jiwe kama aliyesukumwa. Uso umekuwa wa majivu. Jasho linamtiririka katika baridi ile. Julien, ambaye hakuona kitu, akapiga honi.

Mwasiti alitembea mpaka pale, polepole asiteleze, akaweka mkono juu ya mpini wa beleshi la Ruffin.

Kazi ikasimama. Beleshi lililosimama haliguswi, na kila mmoja aliuona mkono ule.

Mwili wake mzima ulimwambia alilaze. Kulisukuma tu kidogo. Alimjua mtu wake: Ruffin asingekubali vijana wake waone beleshi la kapita limelala. Angeinuka, angeokota, angetupa mara mbili tatu, na ingekuwa imekwisha. Hakuna mahakama duniani ambayo ingemuuliza Mwasiti neno. Miaka yote aliyoingoja saa hii, leo imepikwa, imepakuliwa, iko mbele yake kwenye sahani.

Ruffin aliutazama mkono, kisha akamtazama usoni. Alijua. Huenda alikuwa anajua miaka yote.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Usiilaze."

"Juu ya nini?"

"Niko napumua tu."

"Useni naye alikuwa anapumua."

Hapo, mkono wake ukiwa kwenye mpini, Mwasiti akaona kitu ambacho hakuwahi kukifikiria katika Jumapili zote za kukimbia. Ruffin akifa sasa, amekufa kazini. Watamchagua kapita mwingine, atalibeba beleshi hili hili begani, atalisimamisha mlangoni kwa Ruffin, na watu watapita watasema humu alikaa mwanaume. Na uwongo wake atazikwa nao, umelala naye salama. Mlango wa Ruffin utakuwa na beleshi. Wa Useni hauna. Wazo hilo lilimchoma kuliko barafu miguuni. Alikuwa ametumia miaka kumtafutia adui yake heshima.

"Nani alilaza beleshi ya Useni?" akauliza.

Ruffin akafumba macho. Midomo ilicheza.

"Sema kwa nguvu. Kasereka yuko mbali."

"Ni mimi." Kisha, akivuta pumzi katikati ya maneno, "Yeye aliisimamisha. Alikuwa mugonjwa. Ni mimi niliilaza."

Kasereka akavua kofia yake. "Na mimi niliona," akasema. "Niliona nikanyamaza."

Mwasiti hakumgeukia. Huyo angemkumbuka siku yake. Akaondoa mkono kwenye beleshi, na hapo hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kuwafokea vijana. Akamwambia Ruffin asithubutu kuinuka. Akamvua koti na shati lililoloa, akamfunika kitenge chake kikavu. Akawaita wanne wamwinue kama yai, asitembee hata kidogo, wamweke kwenye kabini ya Julien. Julien akaanza kusema habari ya dalle.

"Dalle itangoja," Mwasiti akasema. "Teremuka muji sasa. Na usikimbize kwenye mashimo."

Ruffin akamshika mkono wa nguo. "Mungu akubariki, Mama."

"Usinishukuru. Uko na beleshi ya kubeba. Ukikufa mbele ya kuibeba, hata huko nitakutafuta."

Hakufa. Hospitali wakamtibu mapema, na daktari akamwambia kwamba nusu saa nyingine kwenye barafu ile ingemmaliza. Beleshi asiguse tena maisha yake yote, lakini atembee kila siku, nje, leo kidogo, kesho zaidi ya leo. Mke wa Ruffin akawa anawaambia watu jinsi Mama Mwasiti alivyo na roho safi, maana kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa mlangoni kwao, baridi au ukungu, kumtoa mgonjwa akatembee. Masikini, hakujua. Maneno yote ambayo Mwasiti alimnyima Ruffin miaka ile, sasa alimlisha kwa kijiko: pumua hivi, simama hapa, koti hapana, vaa shati mbili, umekunywa chai? Alimtunza kama watu wanavyomtunza mbuzi wa Idi. Ruffin alijua anatunzwa kwa kazi gani, na alitembea.

Alipopata nguvu, Mwasiti akachagua siku. Siku ya soko, mchana kweupe. Ekipe nzima ikaja. Ruffin akatwaa beleshi la Useni pale karieri, akaliweka begani, akaanza kuteremka kwa miguu kuelekea Mabanga. Kokoto zote zilizojenga mji ule zilipita njia ile, na watu wa njia ile walimjua kapita tangu zamani.

Kule mbele kidogo Mwasiti akasema, "Pumuzika, Papa Ruffin. Daktari alisema."

Ruffin akasimama, akachomeka beleshi kando ya barabara. Watu wakakusanyika, kama Goma ilivyo, mtu akisimama tu wako kumi. Wakauliza beleshi ni ya nani. Mwasiti alimtazama Ruffin.

"Ya Useni," Ruffin akasema. "Aliisimamisha apumue. Mimi niliilaza, na nikasema ni yeye."

Wakaendelea. Karibu na uwanja wa ndege, mama anayeuza maharage, ambaye ndiye alimpa Farida lile jina mbele ya watoto, alikuwa amekaa na gunia lake. Ruffin akataka kupita haraka.

"Pumuzika," Mwasiti akasema.

"Bado niko na nguvu, Mama."

"Hapana. Moyo haupendi haraka. Pumuzika."

Akachomeka beleshi. Wakauliza. Akasema. Mama wa maharage akainama akaanza kuchagua mawe ambayo hayakuwemo. Na namna hiyo wakateremka mji mzima. Kila Mwasiti alipoona watu wengi, alimhurumia moyo wa Ruffin. Kwenye rond-point, mzunguko wa barabara, alimhurumia. Mbele ya msikiti watu wakitoka adhuhuri, alimhurumia. Mbele ya parokia ya Ruffin mwenyewe, alimhurumia sana, akamtafutia hata kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka yule mzee bila sauti, naye Mwasiti alikuwa anampa maji anywe, akimwangalia rangi ya midomo, akimpima pumzi. Kosa lisitokee. Alimtaka mzima.

Farida, ambaye sasa naye ni mama wa watoto, alifungua mlango. Ruffin akalisimamisha beleshi kando ya kizingiti, wapakiaji wakalishindilia mawe ya lava mguuni lisianguke. Akamwambia Farida maneno yale yale, mara ya mwisho. Farida aliushika ule mpira wa baiskeli kwenye mpini, akaingia ndani.

Ruffin akabaki amesimama uani. "Mama Mwasiti," akasema, "utailaza lini?"

Kwa maana mwenye msiba akilaza beleshi, jambo limekwisha, na hakuna wa kulisema tena.

"Kunywa maji, urudi nyumbani pole pole," Mwasiti akamjibu. "Usijikaze kwenye kupanda. Nataka uishi, Papa Ruffin. Uishi miaka mingi."

Kesho yake alipanda karieri na kulichukua beleshi la Ruffin, akakata mpini wake ulingane na urefu wake, na ndilo analopakia nalo hadi leo. La Useni bado limesimama mlangoni, limeanza kutu. Jumapili Mwasiti bado anakimbia, ila siku hizi anaimba, tena sauti yake ni mbaya. Akifika mbele ya nyumba ya Ruffin, kule juu ya mtaa, anaacha kundi liende, anagonga bati la lango.

"Papa Ruffin, toka utembee. Baridi si sababu."

Na Ruffin hutoka, amevaa shati mbili kama alivyofundishwa, na kutelemka pole pole nyuma ya wakimbiaji. Njia ya Keshero inapita mlangoni kwa Useni.